Albamu ya Picha za Familia Mtandaoni: Hukumu, Adabu na Namna ya Kuiandaa kwa Kompyuta



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama ba'd.

Ndugu zetu katika imani, maswali kuhusu picha za familia mtandaoni yamekuwa mengi, na aghalabu hutufikia baada ya madhara kutokea. Tumeona tuyajibu kwa pamoja katika makala hii, tukianza na swali la ndugu yetu wa Uyole, Mbeya, ambaye kisa chake kinakusanya karibu kila jambo ambalo wengine wametuuliza.

SWALI KWA UFUPI

Muulizaji anaeleza kwamba baba yao, aliyekuwa akiishi Iringa, ametangulia mbele ya haki. Watoto wametawanyika: wawili wako Mbeya, mmoja yuko Iringa mjini na mama, mmoja Dar es Salaam, na mmoja yuko Muscat, Oman, naye hakuwahi maziko. Kwa ajili ya huyo wa Muscat, muulizaji alizikusanya picha zote za zamani za mzee, akazichanganya na za karibuni zilizopigwa kwa simu, zikiwemo za harusi ya mdogo wake wa kike. Zote akazipandisha katika albamu moja ya Google Photos na kutuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kijana mmoja wa ukoo akakipeleka kiungo kile kwenye kundi la watu aliosoma nao. Hazikupita siku nyingi, shemeji yao, yaani mume wa yule binti, akaoneshwa na mtu wa kando picha ya mkewe akiwa bila hijabu katika shughuli ya wanawake. Shemeji amekasirika, anataka albamu nzima ifutwe, na amemrudisha mkewe kwao Iringa mpaka jambo liishe. Mama naye analia, kwa sababu picha za karatasi za mzee ziliharibika nyumba ilipovuja wakati wa masika. Kilichobaki ni hizo zilizomo katika albamu.

Muulizaji anataka kujua mambo matatu: Je, picha zenyewe zinajuzu? Je, ni lazima albamu ifutwe? Na je, ipo njia ya familia kushirikiana picha bila kuingia katika balaa kama hili?

MUKHTASARI WA JIBU

Wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu picha za kamera. Wanaoziruhusu wameweka masharti, na masharti hayo yamevunjwa katika kisa hiki. Kinachotakiwa ni kuufunga mlango, kuziondoa picha za dada na kumtaka radhi yeye na mumewe. Picha za mzee si lazima zifutwe kwa kosa lililotokea katika picha nyingine. Ama njia salama ipo, nayo inaanza kwenye kompyuta kabla hata ya kuwasha intaneti. Ufafanuzi ni kama ifuatavyo.

HUKUMU YA PICHA ZA KAMERA

Zimepokewa Hadiyth sahihi kwa Imam al-Bukhari na Imam Muslim zenye makemeo makali kwa wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho. Wanachuoni wa zama zetu walipoiona kamera walijiuliza: je, kinachofanywa na kamera ndicho kilichokemewa?

Kauli ya kwanza ni ya waliosema kwamba picha ya kamera inaingia katika makatazo hayo, isipokuwa pale penye dharura au haja, kama pasi ya kusafiria na kitambulisho. Hii ndiyo kauli iliyojulikana kwa Shaykh Ibn Baz, aliyefariki mwaka 1999, na karibu nayo ni kauli ya Shaykh al-Albani, aliyefariki mwaka huo huo.

Kauli ya pili ni ya waliosema kwamba kamera haiumbi sura, bali inanasa kivuli kwa mwanga, mfano wa kioo kinachoshika taswira ya aliyesimama mbele yake. Miongoni mwa wa mwanzo kuitetea kauli hii kwa maandishi ni Shaykh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914. Baadaye Shaykh Yusuf al-Qaradawi aliifuata katika kitabu chake kuhusu halali na haramu, akashurutisha kwamba kilichomo ndani ya picha kiwe halali.

Shaykh Ibn 'Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliona kwamba kitendo cha kupiga picha kwa kamera si kule kutengeneza sura kulikokemewa, ila hukumu yake inafuata makusudio. Hata hivyo, hakuruhusu kuziweka picha kwa ajili ya kumbukumbu tu. Tunalitaja hili kwa sababu wengi humnukuu nusu.

Basi anayefuata kauli ya kwanza asilazimishwe kuingia katika albamu, wala asionekane mshamba. Mjomba akisema sura yake isiwekwe, isiwekwe. Na anayefuata kauli ya pili ajue kwamba ruhusa aliyonayo imefungwa kwa masharti. Mambo tunayoyataja kuanzia hapa hayana khitilafu: kusitiri awra, kuchunga amana, kutopeleleza na kutomdhuru mtu.

ALBAMU NI MFANO WA NYUMBA

Katika Surat an-Nur, Aya ya 27, Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Imepokewa pia katika Hadiyth sahihi kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la nyumba ya Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), naye akamkemea vikali na kubainisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya kuzuia macho.

Albamu ya familia ni chumba cha ndani. Humo mna mama anapika, binti anasuka nywele, mtoto anaogeshwa beseni, mzee mgonjwa amelala kitandani. Mtu hawezi kuviona vitu hivi nyumbani kwako bila kubisha hodi, basi kwa nini avione kwa kubonyeza kiungo?

Kutokana na mfano huu tunapata kanuni tatu.

Kwanza, aliye ndani ya picha ana haki katika picha. Aliyeishika kamera si mmiliki wa uso wa mwenzake. Aulizwe kabla ya kupandishwa, tena aulizwe kwa uwazi: itaonwa na nani, na wapi.

Pili, picha uliyooneshwa ni amana. Imepokewa kwa Abu Dawud na at-Tirmidhi kwamba mtu akikuzungumzia jambo huku akigeuka kutazama kama yupo anayesikia, maneno hayo ni amana kwako hata kama hakusema neno siri. Ikiwa kugeuka tu kunatosha kuyafanya maneno kuwa amana, picha iliyowekwa katika albamu ya ukoo ina haki zaidi. Kijana aliyepeleka kiungo kwa wenzake wa shule hakuiba chochote, lakini amekhini amana.

Tatu, amana haiishi uhusiano unapoisha. Ndoa ikivunjika, picha za mke wa zamani hazigeuki kuwa silaha. Aliyekuwa mume azifute au azirudishe, na vivyo hivyo mke.

Ipo mifano ya kutuzindua. Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, kinahifadhi maelfu ya picha za enzi ya ukoloni, zikiwemo za iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na leo zinatazamwa na yeyote mwenye intaneti. Wengi wa waliomo hawana majina. Hawakuulizwa, na wajukuu wao hawajui kama babu yao anatazamwa. Waliopiga picha zile wameondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, picha zimebaki. Tukumbuke hilo kila tunapotaka kumpandisha mtu bila idhini yake.

NANI AINGIE KATIKA ALBAMU

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Neno "familia" kwetu ni pana, lakini neno "maharimu" lina mipaka. Maharimu wa mwanamke ni baba yake, babu zake, wanawe, kaka na wadogo zake wa kiume, wajomba, baba wakubwa na baba wadogo, watoto wa kiume wa ndugu zake, baba mkwe na mtoto wa kiume wa mumewe. Ndugu wa kunyonya nao wanaingia kwa masharti yake.

Shemeji si maharimu. Binamu si maharimu. Mume wa shangazi si maharimu. Rafiki wa kaka, hata awe amekulia nyumbani, si maharimu. Makundi ya WhatsApp ya ukoo yamejaa watu hawa wote, na ndiyo maana kundi la ukoo halifai kuwa mahali pa kutuma picha ya binti asiye na hijabu, hata kama mtumaji ni mama yake mzazi. Tena hata maharimu hawaoneshwi kila kitu, bali vile vinavyojuzu kwao kuviona kwa kawaida ya nyumbani.

Jambo jingine linahusu jamaa zetu wasio Waislamu. Mbeya na Iringa ni nadra kupata ukoo ambao wote ni wa dini moja. Shangazi yuko Tukuyu na ni wa kanisani, babu yuko Mafinga hajasilimu, wakwe wako Njombe. Wengine wametuuliza kama inafaa kuwaalika katika albamu ya Idi au ya aqiqah. Kuunga udugu na jamaa asiye Muislamu kunafaa. Asma bint Abi Bakr (Radhiyallahu 'anha) alipomuuliza Mtume kuhusu mama yake aliyekuwa bado mshirikina, aliruhusiwa kumuunga. Basi waalikwe katika albamu ya wote kwa masharti yale yale ya stara, wala wasitengwe kiasi cha kuona kwamba Uislamu umewanyang'anya mtoto wao.

NAMNA YA KUIANDAA KWA KOMPYUTA

Tunapendelea kompyuta kuliko simu kwa kazi hii kwa sababu moja kubwa: kwenye kompyuta unaziona picha zote kwa pamoja na unachagua kwa utulivu. Kwenye simu, kidole kimoja kinatuma kabla akili haijafika.

1. Chambua kabla ya kuunganisha intaneti. Tengeneza folda tatu. Ya kwanza iite "Za wote": picha za wanaume, watoto waliovaa vizuri, wanawake waliojisitiri na kuridhia, nyumba, shamba, safari za Ziwa Ngosi au Isimila. Ya pili iite "Za maharimu". Ya tatu iite "Zisizotoka": mwanamke asiye na stara, mgonjwa aliyedhoofika, maiti, mtoto asiye na nguo, ugomvi, walioomba wasiwekwe. Folda ya tatu haipandishwi popote. Uso wa maiti haufai kupigwa picha na kusambazwa. Aliyeosha maiti ameusiwa kusitiri aliyoyaona, sembuse mwenye simu.

2. Skani picha za karatasi kwa uangalifu. Picha ya kawaida inatosha kwa nukta 300 kwa inchi. Ile ndogo ya pasipoti, ambayo utataka kuikuza, weka 600. Picha iliyogandia kwenye ukurasa wa albamu usiibandue kwa nguvu, skani ukurasa mzima. Kila faili lipe jina lenye mwaka, mahali na tukio, kwa mfano "1987 Iringa Idi", na muulize mama majina ya waliosimama nyuma wakati bado anayakumbuka. Asiyejulikana leo hatajulikana kesho.

3. Ondoa taarifa zilizofichika. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake tarehe na hata mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa kumfikisha mtu mlangoni kwako. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua sifa zake, ingia sehemu ya maelezo, na chini kabisa utaona chaguo la kuondoa taarifa binafsi. Unaweza kuchagua picha nyingi kwa pamoja. Kwa picha za watoto, angalia pia kama jina la shule linaonekana kwenye sare.

4. Pandisha. Fungua Google Photos katika kivinjari, hakikisha kwanza kwamba akaunti iliyofunguka ni yako, kisha buruta picha kutoka kwenye folda. Piga hesabu ya bando: picha 400 zenye wastani wa megabaiti 3 ni takriban gigabaiti 1.2. Tengeneza albamu mbili tofauti, moja ya wote na moja ya maharimu. Usitengeneze moja ukitumaini watu watajichuja wenyewe.

5. Alika watu kwa majina, usitume kiungo. Hili ndilo lililomponza muulizaji. Albamu inayoshirikiwa kwa kiungo inafunguka kwa kila aliyekipata kiungo hicho, awe ndugu au asiwe. Katika mipangilio ya albamu zima ushirikishaji wa kiungo, kisha mwalike kila mtu kwa anwani yake ya barua pepe. Humo humo unaweza kuzuia wengine wasiongeze picha, na kuficha mahali picha zilipopigwa.

6. Ukitumia Facebook, soma alama iliyo kando ya albamu. Alama ya dunia maana yake ni watu wote, ya watu wawili ni marafiki, na ya kufuli ni wewe peke yako. Fahamu kwamba picha kubwa ya juu ya ukurasa huonwa na kila mtu, na kwamba ukiunganisha jina la mtu na picha, marafiki zake nao wanaweza kuiona. Marafiki 2,000 wa Facebook si ukoo.

7. Jaribu mlango wako mwenyewe. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halina akaunti yako, bandika anwani ya albamu na uone kinachotokea. Ukiziona picha, basi na mgeni anaziona. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na kama ingefanywa Uyole siku ile, pengine tusingekuwa na swali hili.

8. WhatsApp itumie kwa picha chache tu. Kila aliye katika kundi anabaki na nakala katika simu yake, na kumfutia kunawezekana kwa muda maalumu tu. Tena picha hupunguzwa ubora, isipokuwa ukiituma kama faili la hati.

KOMPYUTA ZA STESHENARI NA KAFE

Si kila nyumba ina kompyuta na skana. Wengi wetu tunapeleka picha kwenye steshenari, Mwanjelwa au Miyomboni, zikaskaniwe na kuwekwa kwenye flashi. Hakuna ubaya, lakini zingatieni haya.

Kaa pale pale kazi inapofanyika. Mwombe kijana afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta, na aifute pia kwenye kapu la taka la kompyuta hiyo. Picha za folda ya pili na ya tatu usizipeleke kabisa, azifanye mtu wa nyumbani. Ukifungua akaunti yako pale, tumia dirisha la faragha, kataa kivinjari kinapokuuliza kama kihifadhi neno la siri, na ukimaliza toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha la kawaida tu si kutoka. Ukishasahau, ingia kwa simu yako kwenye mipangilio ya akaunti, tazama orodha ya vifaa vilivyo wazi, uvitoe, kisha badilisha neno la siri.

Wenye steshenari nao tunawausia: picha za mteja ni amana. Anayehifadhi picha za watu na kuwaonesha rafiki zake hana tofauti na fundi cherehani anayevaa nguo za mteja, bali huyu ni mbaya zaidi.

PICHA IKISHAVUJA

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bomba linaweza kufungwa. Utaratibu ni huu.

Zima kiungo mara moja, kabla ya kikao na kabla ya kulaumiana. Tazama orodha ya waliokwisha kuingia katika albamu na uwaondoe wasiohusika. Kisha iondoe picha yenyewe, na hapa pana tofauti ya kuzingatia: kuitoa picha kwenye albamu hakuifuti katika hifadhi yako, na kuifuta katika hifadhi kunaitoa hata kwenye albamu. Ukifuta kwa makosa, picha iliyokwisha hifadhiwa Google Photos hukaa kapuni siku 60 na unaweza kuirudisha.

Baada ya hapo waandikie walioipata, kwa upole, waifute. Usiitume tena picha ile hata kwa lengo la kuwaambia ni ipi. Wapo wanaosambaza aibu huku wakiikemea.

Aliyeipata naye ana wajibu: aifute, asimulizie, asimtafute mwenyewe kumwambia alivyoonekana. Katika Surat al-Hujurat, Aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana.

Akitokea mtu wa kutisha, mfano anayedai fedha au kitu kingine ili asisambaze picha, msimlipe na wala msinyamaze. Hifadhini ujumbe wake kama ushahidi na mwende kituo cha polisi, ambako lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kumsumbua na kumtisha mtu kwa njia ya kompyuta. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kumpeleka dhalimu kwenye vyombo vya sheria hakupingani na subira.

KUHIFADHI ZISIPOTEE

Wengine wamedhani kwamba kilichowekwa mtandaoni kinadumu milele. Sivyo. Picasa, huduma ya albamu iliyopendwa sana miaka ya 2000, ilifungwa na Google mwaka 2016. Flickr, iliyoanza mwaka 2004, baadaye iliweka mpaka wa picha 1,000 kwa wasiolipia. Google Photos yenyewe ilitoa hifadhi isiyo na kikomo tangu mwaka 2015, lakini kuanzia tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa katika gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe zako.

Kubwa zaidi: Google imetangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Fikiria mzee aliyekuwa na simu yenye picha zake zote, akafariki, na hakuna anayejua neno lake la siri. Miaka miwili ikipita, zinaweza kuondoka kimya kimya. Kwa hiyo weka nakala katika mahali pawili zaidi: kompyuta ya nyumbani na diski ya nje au flashi iliyoko nyumba nyingine. Diski ya Mbeya ikipatwa na maji, ya Iringa ibaki. Na mwenye akaunti amteue angali hai mtu wa kuaminika wa kuirithi, kwani Google ina mpangilio maalumu wa jambo hilo, au aliandike katika wasia wake, pamoja na picha anazotaka zifutwe.

MAJIBU KWA MUULIZAJI

Tukirudi Uyole na Iringa, tunasema hivi.

Kwako ndugu yetu: nia yako ya kumfariji ndugu aliye mbali ni njema, lakini nia njema haihalalishi kuipandisha picha ya dada bila idhini yake wala kuiacha milango wazi. Zima kiungo leo. Ondoa picha zake zote, zisizo na stara na hata zenye stara mpaka atakapoamua mwenyewe. Kisha msafiri kwenda Iringa, si kwa simu, mkamtake radhi yeye na mumewe.

Kwa kijana aliyesambaza: atubie, arudi katika kundi lile awaombe wafute, na amwendee shemeji mwenyewe. Asifichwe nyuma ya ujana wake.

Kwa shemeji: wivu wako juu ya mkeo ni wa haki, na anayekosa wivu huo hasifiwi. Lakini mkeo hakupiga picha, hakuipandisha, wala hakuisambaza. Aliyedhulumiwa kwanza ni yeye. Kumrudisha kwao ni kumwadhibu kwa kosa la wengine, na watu waliokuwa hawajui sasa wanauliza kwa nini yuko kwa mama yake. Mfuate, mrudishe nyumbani kwa wema, na lolote lililobaki mlimalize na mashemeji zako.

Kuhusu kufuta albamu nzima: haki ya shemeji ni kuondolewa kwa picha za mkewe, na imetimia kwa kuziondoa. Hana haki ya kuziangamiza picha za mzee ambazo mjane na watoto wake wanazitaka. Madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Ikiwa katika watoto yupo anayefuata kauli ya kutoweka picha, aseme na asikilizwe, ila asiwafutie wenzake bila mashauriano. Zihamisheni picha za mzee katika albamu mpya, waalikwe watu kwa majina, na nakala ziwekwe kwa mama.

Na kwako uliye Muscat, ukisoma haya: picha inakuonesha uso wa baba yako, lakini haimfikishii kitu. Kinachomfikia ni du'a yako, sadaka yako, na kuwaunga jamaa aliowaacha Iringa na Mbeya. Ukiitazama picha, basi iwe ni sababu ya kuinua mikono.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) amrehemu mzee wao, airudishe mapenzi katika nyumba ya binti yao, na azisitiri aibu zetu sote duniani na Akhera.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.